Dhahabu ya Mstari Mwekundu

Kila asubuhi Vanessa alichota maji, akafagia ua, kisha akampelekea babu Nestor uji mkekani. Mgongo wa babu uliharibikia mashimoni kule Kivu, akichimba dhahabu. Hapa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi, hakuwa na hata godoro.

Mama yake, Gisèle, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alipima watu malaria kwa kudondosha tone la damu katika vipimo vidogo vya plastiki. Vilivyotumika alivitia katika boksi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, mpaka nesi Ketty aje kulichukua.

Ketty alizaliwa Mbarara, katika kambi ya jeshi ya Makenke, ndiko alikojifunza Kiswahili. Siku moja alimwonyesha Vanessa kipimo. "Unaona huu mstari mwekundu? Hiyo ni dhahabu."

Dhahabu! Vanessa hakungoja kusikia zaidi. Mama alipokwenda sokoni, alifungua boksi, akavunja vipimo na kuvisugua katika karai la maji, akilizungusha kama babu alivyosimulia. Hakikutuama kitu. Akamwaga maji, akarudisha karai jikoni.

Mara mama akaingia na lengalenga. "Vane, leta karai nioshe mboga. Gradi analia njaa."

Vanessa alilitazama karai. Akisema, mama hatamwamini tena. Akinyamaza, mdogo wake Gradi atakula uchafu wa damu za watu.

"Mama, usitie! Nimeosha vipimo humo."

"Mungu wangu! Mu karai ya chakula?"

Mama hakumpiga. Alimnawisha kwa sabuni, akaloweka karai kwa dawa ya jiki, wakaenda kwa Ketty katika kliniki ya Base Camp.

Ketty alimkagua mikono, hakuona mkwaruzo. Ndipo akacheka. "Wewe mtoto! Mimi nilisema dhahabu iko. Sikusema uchimbe!"

"Lakini babu anasema dhahabu ni ya njano."

"Ikiwa kubwa. Hii ni chembe ndogo mno. Panga elfu moja, hazifiki unene wa unywele. Zikiwa ndogo hivyo, zinaonekana nyekundu. Ufundi huo unaitwa nanoteknolojia. Unasaidia kupima magonjwa, kuchuja maji, hata kutibu vidonda."

"Kwa hiyo hainunui godoro?"

Mama akageuka. "Godoro ya nani?"

"La babu."

Mama alimvuta karibu. "Mwanangu, babu yako alitoa dhahabu mingi mu udongo, haikumpa hata godoro. Hii hatuioni, lakini ndiyo ilituonyesha malaria ya Gradi mapema, akapona. Na leo ukweli wako umemwokoa tena. Siku ukitamani kitu, sema. Usifiche."