Kidole Gumba Chini ya Taulo

"Dada, toa huo mkono."

"Nimeshika taulo tu."

"Toa na taulo."

Mke wa seremala akautoa. Mguu wa kushoto wa mumewe ulikuwa umenyooka kitandani, mwezi wa nne tangu apate kiharusi. Mtaalamu wa viungo akaweka kipimo cha pembe kwenye kifundo.

"Fundi, vuta vidole kuelekea kwako. Goti usilikunje."

Seremala akakaza taya. Wayo ukainuka kidogo, ukaishia hapo.

"Digrii mbili."

"Jana zilikuwa kumi! Mke wangu ndiye aliyepima."

"Jana gumba lake lilikuwa chini ya wayo wako. Nane zilikuwa zake."

Seremala akamgeukia mkewe. Maneno yake bado yalitoka mazito, lakini yalieleweka.

"Umenidanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Si ulisema zisipofika kumi mwisho wa mwezi nirudi kwetu, nisizeekee kwenye ugonjwa wako? Leo tarehe ishirini na tisa. Ulitaka nifanyeje?"

Mtaalamu akakunja kipimo chake.

"Hizo kumi uliambiwa na nani, fundi?"

Seremala akageuzia uso ukutani.

"Fundi?"

"Nilikisia."

Mkewe akacheka kwa hasira.

"Ubao hukati mpaka upime mara mbili, ndoa unaikata kwa kukisia!"

Seremala akamuuliza mtaalamu:

"Na hizi mbili ni za nani?"

"Zako. Mwezi uliopita ulikuwa na sifuri. Gumba la mkeo limekuchelewesha. Msuli ukifanyiwa kazi, haujifunzi."

Simu ya seremala ikaita. Mama mkwe. Mkewe akaipokea, akaweka spika.

"Mwanangu, nimesoma ujumbe wako: 'Mama, mwanao anarudi huko mwisho wa mwezi.' Amekukosea nini?"

"Hata mama umemwandikia?" mkewe akanong'ona.

Seremala akaisogelea simu.

"Hajanikosea, mama. Mimi nilikosea kipimo. Harudi."

"Na yeye anasemaje?"

"Mama, niko kazini, nitakupigia," binti yake akajibu, akakata simu.

Kisha akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Haya, mume wangu. Ukipata moja, naandika moja. Sikuongezei hata robo."

Seremala akavuta. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mtaalamu akainama kusoma.

"Mbili."

"Tena," akasema seremala.