Lori Lililonuka Ndizi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuo kusoma Kurani, Amisa alikaanga ndizi pamoja na mama yake mbele ya nyumba yao mjini Kasongo. Mafuta yalikuwa mawese, ndizi zilikuwa mbivu, na wateja hawakukosekana. Aliipenda sana kazi hiyo mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili. Mwaka huo, 1955, ilianza kumtia hasira.

Sababu ilikuwa Bwana Amuri, mwenye duka kubwa karibu na soko. Amuri alipeleka lori lake kuukuu mnadani, na Ramazani, baba yake Amisa, akalinunua kwa akiba ya miaka sita. Lilikwenda kimya kama jipya. Siku ya tatu, kwenye njia ya Lusangi, gia zilianza kupiga kelele na lori likafa porini na mpunga wa watu. Ramazani alipofungua sanduku la gia, ambalo madereva wa huko huliita bwati, hakukuta grisi. Alikuta ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na mawese, uji mzito wa kunyamazisha meno mabovu ya gia kwa siku mbili tatu, mpaka muuzaji ashike fedha zake.

Ramazani alipokwenda kudai fedha zake, Amuri aliapa mbele ya watu kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyezitia ndizi. Watu walimwamini tajiri. Tangu hapo, watoto waliokuja kununua ndizi walimwuliza Amisa kama zimepikwa ndani ya lori. Ramazani akarudi kutengeneza baiskeli, na Amisa akaapa moyoni kwamba siku moja Amuri atalia, naye atakuwepo kumtazama.

Siku hiyo ilikuja mwaka uliofuata. Mzungu mmoja mwenye biashara ya pamba alikuwa anarudi kwao Ulaya, na mali yake ikatangazwa kuuzwa kwa mnada: trekta moja na malori mawili. Lori moja lilikuwa la kijani, limepakwa rangi mpya. La pili lilikuwa la kijivu, vioo vimepasuka, viti vimeliwa na panya. Ramazani alikuwa na uwezo wa kununua lori moja tu, tena kwa kuuza vipuri vya lile lililokufa na kujinyima sana. Akikosea safari hii, basi, angebaki na baiskeli maisha yake yote. Alimchukua binti yake amshikie spana.

Wanunuzi waliruhusiwa kukagua. Ramazani alilala chali chini ya lori la kijivu, akagonga hapa, akafungua pale, akatoka amechafuka mpaka masikioni. Amuri alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alisimama mbali asije akapata doa, akatazama ile rangi ya kijani, akaridhika.

Zéphirin, dereva wa yule mzungu, aliliendesha lori la kijani kuzunguka uwanja mara moja. Halikutoa hata mlio wa gia. Lakini lilipopita karibu na Amisa, limekwisha kupata moto, lilimletea harufu aliyoijua kuliko mtu yeyote pale.

Amisa alimnong'oneza baba yake kwa furaha kwamba lori lile linanuka ndizi. Alimwomba asiseme neno. Apandishe bei, Amuri naye apandishe, halafu amwachie shimo lake mwenyewe. Ramazani aliinama chini ya lori la kijani, akapitisha kidole kwenye kizibo cha bwati, akakinusa. Akakinusa tena. Amisa alimjua baba yake: alikuwa anaionja ile raha, na ilikuwa tamu.

Kisha aliinuka akamwambia karani wa mnada, kwa sauti ya kusikika, kwamba bwati ya lori lile ni mbovu na imefichwa kwa ndizi. Karani akajibu kwamba vitu vinauzwa kama vilivyo, na nyundo ikigonga, hakuna kurudisha.

Amuri alicheka. "Ndizi tena, Baba Amisa? Nani alizisikia?"

"Amisa," Ramazani alisema, "sema ile harufu ulisikia."

Watu wote walimgeukia. Angesema hakusikia kitu, onyo la baba lingepotea na Amuri angetumbukia. Lakini baba yake alikwisha kuitwa mwongo mara moja mbele ya watu hawa hawa, na ukimya wa Amisa ungemfanya aitwe mwongo mara ya pili. Alimtazama Amuri kwa chuki, akasema kweli.

"Iko mawese na ndizi mbivu, baba. Ninazikaanga kila siku."

"Munataka kutuogopesha mupate motokari ya bure," alisema Amuri. "Miye hapana mutoto."

Wengine walirudi nyuma. Amuri, akiamini kwamba Ramazani analitaka, alitaja peke yake bei kubwa ili ammalize kabisa, na nyundo ikagonga. Lilipoletwa lori la kijivu, Amuri hakuwa na uwezo tena, na Ramazani akalichukua bila mashindano makubwa.

Lori la kijani lilifika kwenye kilima cha geti la uwanja. Huko gia zilipiga kelele hata watu wakaziba masikio, uji mwekundu ukachuruzika chini, na Amuri akalazimika kulisukuma pamoja na vibarua. Amisa alicheka mpaka mbavu zikamuuma, wala hakuona haya.

Amuri alirudi na kanzu yenye madoa. Mpunga wake ulikuwa lazima uondoke kesho yake kwenda Kabambare, na lori lililobaki pale lilikuwa la Ramazani. Amisa alimwomba baba yake amfukuze.

"Nitaubeba, kwa bei ya watu wote," alisema Ramazani. "Lakini kwanza uwaambie hawa watu. Mwaka jana, nani alitia ndizi katika bwati?"

Amuri alitazama huku na huku. "Ni miye," alisema kwa sauti ndogo.

"Wale wa nyuma hawasikii."

"Ni miye nilizitia. Ramazani hakusema uongo."

Hakuna aliyecheka. Amisa aliona raha kubwa kuliko ile ya getini, hata machozi yakamlengalenga.

Walipobaki yeye na baba yake tu, alikiri kwamba pale mnadani alitaka kunyamaza.

"Hata mimi, mutoto wangu," alisema Ramazani. "Nimemchukia mwaka muzima, na bado sijamaliza. Lakini kama tungenyamaza, ningemwuliza lile swali kwa mudomo gani? Tungekuwa tumemuficha kama alivyotuficha. Tulimwambia kweli bure, akaikataa, maana yeye mwenyewe hana mazoea nayo. Hiyo si kosa yetu. Usiache kusema kweli, hata kwa adui, hata siku ile unataka sana aumie."

Amisa aliitikia, na wakaenda kupakia mpunga wa Amuri.