Gauni la Bluu la Bibi

Jumamosi mchana, mama alifagia sebule na kusogeza viti ukutani. Akatandika shuka kuukuu sakafuni. Juu yake akaweka sindano, uzi, pini na mkasi mmoja mkubwa.

Mama ni mfuaji nguo hospitalini. Siku hiyo aliwaalika mashoga zake wawili waje na nguo wasizovaa tena. Wangekaa pamoja, wapige soga, wazigeuze ziwe nguo za kuvalika.

Wa kwanza kufika alikuwa mpishi wa shule. Sauti yake ilifika kabla yake. Alileta suruali ya mumewe iliyochanika chini. Wa pili alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke mpole. Alileta mashati meupe yaliyochakaa kola.

Mama naye alitoa gauni moja tu, la bluu. Lilikuwa la marehemu mama yake. Binti wa mama, ambaye nyumba nzima inamwita Mlingoti kwa urefu wake, alikuwa anaanza kazi Jumatatu. Angepokea wageni katika ofisi ya maji. Alitaka kwenda na gauni hilo. Bibi ndiye aliyemlea na kumsomesha, na hakujaliwa kuiona siku hiyo.

"Lakini bibi alikuwa mfupi na mnene," alisema mpishi. "Wewe Mlingoti, ukilivaa hilo, litakuwa pana kama pazia, na magoti yote nje!"

"Tutaona," alisema mama. Moyoni hakuwa na hakika.

Mpishi hakupenda kungoja. Alikata mguu wa kushoto wa suruali. Akalinganisha. Wa kulia ulikuwa mrefu. Akaukata. Sasa wa kushoto ndio ukawa mrefu. Akaukata tena. Alipokuja kuacha, mkononi alikuwa na kaptula.

"Shoga, mumeo si mhasibu?" aliuliza dereva. "Ataivaa ofisini hiyo?"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama alicheka pia, lakini mkasi alikuwa ameshauchukua.

"Mimi nitaondoa hili pindo la chini," alisema. "Ni zito mno. Halafu nitaunga kitambaa kingine."

"Mama, ngoja!" alisema Mlingoti. "Tumwite fundi kwanza."

"Fundi ana kazi zake, mwanangu."

"Mama, gauni ni hili moja tu. Likiharibika, hatuna lingine la bibi."

Mama aliushusha mkasi.

Fundi cherehani aliishi mlango wa pili. Alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Aliitazama ile kaptula, akatikisa kichwa. Kisha akauchukua mkasi, akautia mfukoni mwake.

"Huu utakaa kwangu," alisema. "Anayeutaka aje kwanza na kazi aliyoishikiza kwa uzi."

"Sasa tutashonaje bila mkasi?" aliuliza mpishi.

"Kwanza tutazame. Ukifumua, unaweza kurudishia. Ukishakata, basi. Haya, hili gauni limefuliwa?"

"Fundi, unaniuliza mimi hivyo?" Mama alikasirika kidogo. "Mfuaji mzima!"

"Namuuliza kila mtu, dada. Kitambaa cha pamba kinaweza kusinyaa kikiingia majini. Afadhali kisinyae kabla hujapima."

Fundi aligeuza gauni ndani nje. Akatoa wembe wake, akaanza kufumua pindo, uzi mmoja mmoja, bila kugusa kitambaa. Pindo likafunguka. Chini yake kulikuwa na mkunjo mwingine. Fundi akaunyoosha na kuupima kwa mkono.

"Shubiri nzima!" alisema. "Urefu mnao tayari. Mlitaka kuutupa."

Mama alikaa chini kwenye shuka.

"Tulikuwa tunamcheka mama yangu," alisema. "Kila nguo aliishona hivi. Tukimwambia anapoteza kitambaa, anajibu, 'Hamjui atakayeivaa.'"

Akalia. Hakujificha. Mlingoti akakaa kando yake, wakashikana mikono.

Kulikuwa na tatizo moja. Gauni lilikuwa limepauka, lakini pale palipokunjwa bluu ilikuwa bado imekolea. Mstari ulionekana. Dereva aliinua shati lake moja, akaonyesha upande wa mgongoni.

"Kola imekufa, mgongo bado mzima," alisema. "Toeni utepe mweupe hapa, mfunike mstari."

Mlingoti alilivaa gauni ndani nje. Fundi alibana pini ubavuni, kulia na kushoto. Mama akashikiza kwa mishono mirefu, ya kufumuka kwa urahisi.

"Sasa kaa," alisema fundi. "Simama. Inua mkono, kama unampa mgeni karatasi."

Mlingoti aliinua. Kwapani kulibana. Walifumua, wakaachia kidogo, wakajaribu tena. Mara ya tatu fundi aliridhika. Akatoa mkasi mfukoni, akampa mama.

"Sasa kata."

Mama alikata kitambaa cha ubavuni kilichozidi, na utepe mweupe kutoka kwenye shati. Fundi akawaazima cherehani yake. Kabla ya jioni gauni lilikuwa tayari.

Jumatatu asubuhi Mlingoti alitoka nalo. Lilimkaa sawasawa, na lilishuka chini ya magoti. Mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka akakata kona.

Jumamosi iliyofuata mashoga walirudi. Mkasi ulikuwa mfukoni mwa mama. Mpishi alileta suruali nyingine, na safari hii alipima miguu yote miwili kabla ya kuomba mkasi. Mama alikuwa anashona sketi kutoka gauni lake kuukuu.

Mpishi aliinama akatazama.

"Shoga, pindo lote hilo la nini? Unapoteza kitambaa!"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Hatujui atakayeivaa," alisema.