Ordinateri ya Radhia Haibadilishwi Moteri

"Shemeji, mi nabadilisha moteri ya Toyota kila juma, nitashindwa na hiki kisahani?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yetu Khaled, Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa ameshika ordinateri ya binti yangu, kompyuta ya kukunja, kwa vidole viwili. Kweli ilikuwa nyembamba na nyepesi kama sahani.

Sisi tunakaa mtaa wa Buyenzi. Kwetu siku inaanza na adhana, halafu nyundo. Ukitoka mlangoni, kushoto kuna gereji, kulia duka la vipuri, na mbele yako kuna gari lililofunguliwa boneti, tumbo tupu. Moteri ikichoka, hatukai kuililia. Inatolewa, inawekwa nyingine yenye nguvu. Marehemu mume wangu Abdu, Mungu amrehemu, alikuwa na taksi. Khaled huyu huyu aliibadilisha moteri, nayo ikatembea miaka sita tena. Kwa hiyo Khaled akisema, mi namsikiliza.

Binti yangu Radhia anaandika karatasi za mizigo inayofika bandarini kwa boti kutoka Kigoma. Bosi wake anaitwa Melchior. Anataka karatasi ziwe tayari kabla boti haijafungwa kamba. Lakini ordinateri ilikuwa imechoka. Radhia akiiwasha baada ya sala ya alfajiri, mi nilikaa kwenye mkeka na tasbihi yangu. Nilimaliza punje zote tisini na tisa, na kwenye kioo kale kaduara bado kanazunguka.

Mara mbili karatasi zilichelewa. Melchior alimwambia Radhia, kwa upole, kwamba zikichelewa mara ya tatu atampa kazi mtu mwingine. Boti nyingine ilikuwa inaingia Alhamisi. Na tangu Abdu aondoke, kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Khaled alifungua gazeti alilokuja nalo. Ndani mlikuwa na kipande cha mraba, kidogo kama biskuti. Alieleza kwamba hiyo ni prosesa, ndiyo moteri ya ordinateri. Ameitoa katika ordinateri kubwa ya mezani, nayo ina nguvu kuliko ya Radhia. Ataitoa ile dhaifu, ataweka hii. Akifaulu, ataifanyia hivyo hivyo na ordinateri yake mwenyewe, maana nayo ni nyembamba na nzito kuamka.

Radhia alifurahi. Mi pia nilitaka kufurahi. Lakini nilikigeuza kile kipande, nikaona chini yake vimiguu vingi vyembamba kama sindano. Nikaitazama ordinateri kwa ubavu. Nikajiuliza vimiguu vyote hivyo vitaingia wapi. Nikamwomba Khaled asubiri, tuulize kwanza.

"Utamuuliza nani, shemeji? Imamu?"

"Apana. Nitamuuliza mutu anayezifungua kila siku."

Mtu huyo ni Joëlla. Ana chumba kidogo cha kutengeneza ordinateri karibu na soko, pembeni ya muuza matairi. Khaled alikuja pamoja nasi. Alisema hawezi kukosa kusikia mtoto wa kike akimfundisha habari za moteri.

Joëlla hakushika bisibisi. Alianza kwa kuuliza. Ordinateri inachelewa wakati gani? Radhia akajibu kwamba inachelewa kuamka, na inakwama akifungua karatasi nyingi pamoja. Basi Joëlla akaiwasha, akazifungua karatasi nyingi, kisha akafungua ukurasa unaoonyesha kila sehemu inavyofanya kazi.

"Angalia, Mama," akaniambia. "Prosesa hii hapa. Imekaa tu, haina kazi nyingi. Sasa ona memori, imejaa. Na diski imefika mia kwa mia, haipumui."

Nilimwambia kwamba mi nimesoma shule ya msingi tu, anieleze kwa maneno ya nyumbani.

Akacheka kidogo. "Diski ni kabati la jikoni. Vitu vyote vinalala humo. Memori ni meza. Unachopika sasa kinakaa mezani. Prosesa ni mpishi. Wewe mpishi wako ni mzima, Mama. Ila meza ni ndogo na mlango wa kabati unakwama. Ukileta mpishi mwingine, naye atasimama tu kungojea sahani."

Hapo nilielewa. Khaled hakukubali. Alimwonyesha kile kipande cha ordinateri ya mezani, akasema hakuna gari lililowahi kukataa nguvu.

Joëlla aliizima ordinateri, akaigeuza, akafungua kifuniko cha chini na kuchomoa waya wa betri. Akamwonyesha Khaled mahali prosesa ilipo.

"Tonton," akamwita kwa heshima, kama mjomba wake, "wewe ni fundi. Nionyeshe buloni ya kuitoa."

Khaled alivaa miwani. Aliinama, akatafuta upande huu na upande ule. Muuza matairi naye akaja kuchungulia mlangoni.

"Sioni buloni," Khaled akasema.

"Haina. Imechomelewa kwenye bao, hili lililobeba sehemu zote. Hiyo yako ya ordinateri ya mezani inakaa kwenye kitako, inatoka na kurudi. Hizi nyembamba, karibu zote zinachomelewa. Ukiing'oa, bao linakufa, na ordinateri imekufa nayo." Akamgeukia vizuri. "Na hata kama ingeingia, Tonton. Moteri ya lori ukiiweka kwenye gari dogo, na radiateri ya kupozea ni ile ile ndogo, itakuwaje?"

Khaled alivua miwani.

"Itachemka," akasema.

Joëlla akatuonyesha kifeni cha kupoza, chembamba kama sarafu mbili, kimejaa vumbi la Buyenzi. Akatueleza la kufanya. Kwanza, karatasi zote za Radhia zinakiliwa kwenye kle ya USB, ile flashi, zisipotee. Halafu anasafisha feni na kuipaka prosesa dawa mpya ya kupitisha joto. Diski ya zamani, inayozunguka, anaitoa na kuweka ile isiyozunguka, inayoitwa SSD. Na kwa kuwa ordinateri hii ina nafasi moja ya memori iliyo wazi, ataongeza memori ya aina inayokubaliwa. Alituonya kwamba nyingine hazina hata nafasi hiyo, lazima uangalie kabla ya kununua. Na siku prosesa yenyewe itakapozidiwa na kazi, hapo utatafuta ordinateri nyingine.

Nikakubali, tukamwachia aimalize kabla ya Alhamisi. Njiani Khaled alituambia kwamba tumeuziwa maneno matamu, na kwamba Alhamisi tutamwita tukilia.

Alhamisi hatukumwita. Alikuja mwenyewe, baada ya sala, ordinateri yake kwapani na lile gazeti mfukoni. Nilimmiminia chai. Radhia akabonyeza kitufe. Mi nikashika tasbihi, nikaanza kuhesabu.

Sikufika punje ya kumi. Kioo kilikuwa wazi.

Radhia alifungua karatasi zote pamoja. Hakuna iliyokwama. Aliandika, akazituma, na mi nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Baadaye kidogo simu ikalia. Ilikuwa ni Melchior. Alisema karatasi amezipata zote, na boti yenyewe bado haijaonekana ziwani. Kisha akamuuliza Radhia kama ataweza kuandika na karatasi za boti ya Jumatatu, maana mtu anayeziandika anachelewa.

"Nitaweza," Radhia akasema, akanitazama. Sauti yake ilifanana na ya baba yake siku taksi ilipowaka tena.

Khaled alizungusha kikombe chake juu ya meza. Chai ilikuwa imepoa.

"Huyo Joëlla," akauliza, "anafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akaangalia saa ya ukutani. Ilibaki robo saa. Akalitoa lile gazeti mfukoni, akaliacha mezani pamoja na prosesa iliyomo ndani yake. Akapakata ordinateri yake kwa mikono miwili, akavaa viatu mlangoni, akashika njia ya sokoni.