Jina Lililoachwa kwenye Fomu

Hakuwa na baba, mwezi wa nne sasa. Hakuwa na meza ya kuandikia, wala taa ya kuaminika, wala mtu wa kumwuliza maneno magumu ya mahakama. Wakili ndiyo kabisa, hawakuwa naye. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na kitu kimoja tu, mwandiko mzuri. Kwa sababu hiyo wenzake shuleni walimwita Kalamu, na kwa sababu hiyo hiyo fomu ya mirathi iliangukia mapajani mwake.

Jioni zilifanana. Mama alirudi kutoka hospitali alikofua mashuka, akaketi kitandani na kuinua miguu iliyovimba juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kalamu alipika, akaosha vyombo, kisha akaleta fomu. Mara mbili mahakama ilikuwa imewarudisha nyumbani. Kwanza walipeleka nakala ya cheti cha kifo badala ya cheti chenyewe. Mara ya pili shahidi mmoja hakuwa ametia sahihi. Bila mahakama kumteua Mama kuwa msimamizi wa mirathi, nyumba yao ya vyumba viwili ingebaki kwenye jina la marehemu, na mtu yeyote mwenye maneno mengi angeweza kuwasumbua.

“Shemeji, tafuta wakili,” alisema baba mdogo, fundi baiskeli aliyependa kutoa ushauri akiwa amesimama mlangoni. “Mahakama si duka la sukari.”

“Nimemwona. Anataka mshahara wangu wa miezi mitatu. Huyu mtoto nimlishe mihuri?”

“Haya, jazeni wenyewe. Mtajua hamjui.”

Wakafika sehemu ya warithi. Mama alitaja majina mawili, lake na la Kalamu.

“Na kaka?” Kalamu akauliza.

Kaka alikuwa mtoto wa baba kwa mke wa kwanza. Miaka mitano iliyopita aligombana na baba akaondoka. Siku ile baba alisema mbele ya ukoo, “Huyu si mwanangu tena,” na tangu hapo maneno hayo yakashikwa nyumbani kama sheria.

“Baba yako alishamfuta,” Mama alisema huku amefumba macho. “Tena hatujui aliko. Andika wawili, nipumzike.”

Kalamu akaandika wawili. Lakini yeye alijua kaka aliko. Mwaka uliopita kaka alimtumia daftari kwa posta, na nyuma ya bahasha aliandika anwani ya karakana ya useremala alikofanya kazi. Kalamu aliificha ili asimuudhi baba.

Kesho yake walipanga foleni mahakamani tangu asubuhi. Saa sita ndipo walipofika dirishani kwa karani, mwanamke mtu mzima ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi.

“Warithi ni hawa tu?”

“Ni hao,” Mama akajibu.

“Hapa unaapa, mama. Marehemu hakuwa na mtoto mwingine, popote?”

Mama alitazama sakafu, ameegemea ukuta kwa bega. Kalamu akinyamaza, wangemaliza leo. Akisema, wangeanza upya.

“Yupo kaka yangu,” akasema. “Anwani yake ninayo.”

Mama akageuka. “Tangu lini?”

“Tangu mwaka jana. Nisamehe, Mama.”

“Loo! Mtoto huyu ataniua, aje ajaze na mirathi yangu.” Watu kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Akamgeukia karani. “Lakini marehemu alimkana mbele ya watu!”

“Hasira haina mhuri, mama. Mtoto hafutwi kwa mdomo. Ungeapa hivi, kisha yeye akatokea, mahakama ingeubatilisha uteuzi wako, na ungeulizwa kwa nini uliapa uongo.”

“Kwa hiyo sasa nitafute wakili?”

“Wakili naye angekuuliza swali hili hili. Ukimficha, atakusaidiaje? Mwandikie kijana. Akikubali kwa sahihi yake, mtajaza wenyewe. Wengi hujaza na wakafanikiwa. Akipinga, hapo usijidanganye, mtafute wakili, hata wale wa msaada wa kisheria wasiotoza malipo.” Akamrudishia Kalamu fomu. “Kujaza si kazi, binti yangu. Kazi ni kuandika yote unayoyajua. Leo umeifanya.”

Nyumbani Mama hakuvua hata viatu.

“Leta karatasi. Andika: Kwa Bwana…” Akasita. “Hapana, kata. Andika: Mwanangu.”

Kalamu akaandika.

“Baba yako amefariki. Hatukukuita mazikoni, na kosa ni letu. Nyumba hii ina sehemu yako. Naomba ukubali niisimamie kwa niaba yetu sote. Kama una neno, njoo ulisemee hapa nyumbani.”

Mama aliisoma barua mara mbili, akatia sahihi. Alilamba gundi mwenyewe, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Walifika posta mlinzi akiwa tayari ameshika funguo.

“Moja tu, baba,” Mama alimwomba, akaitumbukiza barua sandukuni.