Malisho Yasiyo na Kivuli

Mama Pacha alikamua hadi vidole vikamuuma. Ndoo haikufika nusu.

"Maziwa mengine yako wapi?" mumewe aliuliza.

"Muulize ng'ombe."

"Nakuuliza wewe. Mama yangu anasema unayapeleka kwenu."

Mama Pacha akainuka kwa hasira. Yeye ndiye anayeamka alfajiri, anabeba maji, anazoa samadi. Leo anaitwa mwizi!

"Basi kesho kamua mwenyewe!"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kulipokucha, mume akachuchumaa, akavuta chuchu, jasho likamtoka. Ndoo ikawa vilevile. Akaiweka chini, akaenda zake. Lakini Mama Pacha alitaka jibu. Akaenda kumwita daktari wa mifugo.

Daktari, mwanamama mwenye buti za mpira, alifika jua likiwa utosini. Malisho yalikuwa wazi kama kiganja. Ng'ombe walisimama wakihema, ndimi nje. Hata mmoja hakuwa anakula.

"Hapa hapakuwa na miti?"

"Niliikata yote," mume alisema. "Nilitaka majani yapate jua."

"Ng'ombe nao wakalipata. Ng'ombe akizidiwa na joto, hali vya kutosha. Asipokula, maziwa atayatoa wapi?"

"Nilimwambia asikate!" Mama Pacha alidakia. "Akasema malisho si kazi ya wanawake. Kukamua nikamue mimi, kuulizwa nisiulizwe!"

Daktari aligusa majani yaliyogugunwa hadi mizizini.

"Na hapa hapapumziki. Gawanyeni malisho kwa uzio. Wakila upande mmoja, upande mwingine uote tena. Maji yawe karibu. Pandeni miti, iachane, ili jua lipenye. Izungushieni miiba, wasiile ikiwa michanga. Kwa sasa, jengeni banda la kivuli."

Wakajenga, wakagawanya, wakapanda. Haikupita muda mrefu, ng'ombe wakawa wanalala bandani mchana wakicheua kwa raha. Maziwa yakaongezeka. Miche nayo ikashika.

Asubuhi moja mume aliingia jikoni na ndoo iliyojaa, meno yote nje. Mama yake alikuwa anakunywa chai.

"Mke wangu, tazama!"

Mama Pacha hakuipokea. "Uliniita mwizi."

Tabasamu la mume likafifia. "Nilikusingizia. Nisamehe."

"Sema kwa sauti. Mama asikie."

Akasema kwa sauti. Mkwe akaweka kikombe chini. "Hata mimi, mwanangu. Nilikosa."

"Na mambo ya malisho?" Mama Pacha alimuuliza mumewe.

"Tutaamua pamoja," mume akajibu.

Ndipo Mama Pacha akaipokea ndoo.