Mzunguko wa Tatu

Roboti namba nne ilisimama tena safu ya saba, saa saba mchana, na hewa ikanuka maziwa yaliyochacha. Swabra hakushtuka, alishachoka kushtuka. Wiki ya tatu hii anapima mtandao katika ghala la Athi River, akifuata nyuma ya roboti za kubeba makatoni na kuandika mawimbi yanapopungua. Zikizunguka ghala mara tatu bila kukatika, kazi imekwisha, arudi Machakos kwa Zuleha, mwanawe, ambaye siku hizi anamkuta amelala na kumwacha amelala.

Kila siku mzunguko wa tatu hukatika hapo hapo.

"Madam, hapa kulikuwa na ithembo," mzee Wathome, mlinzi, alinong'ona. "Watu walikuwa wanaletea mizimu maziwa chini ya mti. Tinga ikang'oa. Hiyo kitu ilikuwa inakaa hapo haina kwao sasa."

"Mzee wangu, mimi nataka tu kwenda nyumbani."

"Hata hiyo kitu inataka kwao."

Swabra aliinama kuiwasha roboti upya, na ule uvundo ukazidi, feni za darini zikanyamaza moja baada ya nyingine, roboti zote kumi na mbili zikageuza taa zao upande wake, na katika kile kipaza sauti kidogo cha namba nne, cha kuomba watu njia, ikatoka sauti ya mwanamke, imechoka kama yeye: "Swabra."

Nyanya yake alimwonya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Lakini jamani, kutwa anaitwa, Swabra huku, Swabra kule, mdomo umeshazoea.

"Labeka," akaitika.

Roboti zikaondoka. Mawimbi yakajaa kila safu, na mzunguko wa tatu ukakamilika. Swabra nusura alie kwa furaha. Akafunga begi, akatoka.

Alipovuka geti tu, simu ikalia. Ni Musili, meneja. "Swabra, umefanya nini? Zote zimezima!"

Akarudi hatua moja ndani. Ghalani roboti zikaunguruma.

"Haya, sasa zimeshika! Usitoke hapo. Tutakuletea godoro."

"Musili, mtoto wangu..."

Simu ilikuwa imekatwa. Mzee Wathome alikuja polepole na kikombe cha maziwa, bila kumtazama usoni. Hakwenda safu ya saba. Alipiga magoti, akakiweka miguuni pa Swabra.